Kashfa Si Fedheha: Nani Hufunuliwa, Nani Huumbuka

Chukua sentensi mbili. Ya kwanza: "Waziri amejiuzulu kwa sababu ya kashfa." Ya pili: "Waziri amefungua kesi ya kashfa." Katika ya kwanza, kashfa ni uchafu wa waziri mwenyewe uliotoka nje. Katika ya pili, ni uchafu anaodai kupakwa na mtu mwingine, na sasa anaiomba mahakama imwoshe. Neno ni lile lile. Aliyesikia habari nusunusu anabaki na vitu viwili tu kichwani, waziri na kashfa, na ukimtajia jina hilo wiki mbili baadaye atakuuliza, "Si ndiye yule mwenye kashfa?"

Naandika makala hii kwa ajili ya hayo masalia yanayobaki kichwani. Tunayatumia maneno kashfa, fedheha, aibu, izara na skendo kana kwamba ni majina matano ya kitu kimoja. Sivyo. Kashfa ni tukio, fedheha ni mzigo. Kashfa hutokea, fedheha hubebwa. Na mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri, tukio huwa la mmoja na mzigo ukabebwa na mwingine.

Maneno yenyewe yanasema nini

Kashfa limetoka kwenye Kiarabu kashf, yaani kufunua, kuondoa pazia. Kwa masufi kashf ni jambo tukufu: moyo kufunuliwa ukaona yale ambayo macho hayayaoni. Kwetu pazia linaloondolewa ni la chumba cha mtu. Lakini kitenzi chake, kukashifu, kimekwenda mbali zaidi. Kumkashifu mtu siku hizi ni kumsema vibaya ili kumvunjia heshima, liwe linalosemwa ni kweli au ni uzushi. Hapo ndipo ilipozaliwa ile sentensi ya pili. Mahakamani, anayedai kukashifiwa analalamikia maneno yaliyowafikia watu wengine, yakamshusha mbele ya jamii, na ambayo yeye anasema si ya kweli. Tumejikuta basi na neno moja kwa ukweli uliofunuliwa na kwa uongo uliosambazwa. Waandishi wa habari wanapaswa kulijua hili kuliko mtu yeyote. Ninapoona kichwa cha habari "Fulani akumbwa na kashfa," kisichosema kama ni tuhuma, ushahidi au hukumu, huwa naumia kweli.

Skendo, ambalo vijana wamelizoea kuliko kashfa, lina safari yake. Limetujia kupitia Kiingereza, ila mzizi wake ni Kigiriki, skandalon: kile kijiti cha mtego ambacho mnyama akikigusa tu, mtego unafyatuka. Baadaye likawa kitu chochote cha kumfanya mtu ajikwae. Wakristo wanaposema "amenikwaza" wanaigusa maana ile ya kale: mwenye kosa amemwangusha aliyekuwa akimtazama. Kashfa inauliza kilichofichwa ni nini, skandalon inauliza aliyeangushwa ni nani. Kuna taasisi zilizopotea kwa kulijua swali moja tu. Katika Kanisa Katoliki, hofu ya kuwakwaza waumini iliwafanya baadhi ya maaskofu wawahamishe kimyakimya, kutoka parokia moja hadi nyingine, mapadre waliowadhulumu watoto. Gazeti la Boston Globe liliyaanika hayo Januari 2002, na Desemba mwaka huo huo Kardinali Bernard Law akajiuzulu uaskofu mkuu wa Boston. Kule kuficha ili watu wasikwazike ndiko kulikowakwaza kuliko kosa lenyewe, na watoto ambao kwa hakika ndio walioangushwa walikuwa hawajahesabiwa kabisa.

Aibu, kwa Kiarabu, ni kasoro, hata ya bidhaa. Katika sheria ya biashara ya Kiislamu, mnunuzi akigundua aibu ya siri katika kitu alichouziwa ana haki ya kukirudisha. Kiswahili kikaichukua kasoro hiyo kwenye bidhaa kikaitia moyoni. Soni lina asili nyingine: ni la Kibantu, na ndugu zake wametapakaa, thoni kwa Wakikuyu, ensonyi kwa Waganda, nsoni kwa wasemao Kilingala. Hilo halikuja na jahazi.

Katika maneno yote ya jamii hii, neno haya ndilo ninalolipenda zaidi, kwa sababu hufanya kazi kabla. Mwenye haya hujizuia, mwenye aibu ameshachelewa. Na angalia tunavyosema: kuona haya, kuona aibu, kuona soni. Njaa mara nyingi tunaisikia, baridi vivyo hivyo, lakini aibu tunaiona, maana ni ile hali ya kujitazama ghafla kwa macho ya wengine. Wahenga wakasema uso umeumbwa na haya. Lugha ikalikamilisha wazo hilo kwa namna ambayo mpaka leo inanishangaza: aliyefedheheka mbele ya watu tunasema ameumbuka. Kuumba na kuumbua vinaendana kama kufunga na kufungua. Aliyeumbuka ni mtu ambaye kuumbwa kwake kumerudishwa nyuma. Ule uso aliokuwa nao mbele ya watu umebomolewa mbele ya watu hao hao.

Kumbe!

Ili kashfa izaliwe, lazima mambo kadhaa yakutane. Awepo mtu au chombo kinachoaminiwa. Ivunjwe kanuni ambayo watu wanaijali. Jambo liwe lilifichwa, kisha lifunuliwe, na waliolisikia wakasirike kiasi cha kusema kwa sauti. Jambazi sugu akiiba hakuna kashfa, kwa sababu hakuna aliyemwamini. Na ile siri ya wazi, inayojulikana na kila mtu na kukemewa na hakuna, bado si kashfa, hata ikiwa inaua watu. Ndiyo maana wingi wa kashfa katika nchi si kipimo cha wingi wa maovu. Nchi isiyo na kashfa huenda ni nchi isiyo na wa kufunua.

Kinachouwasha moto ni neno moja dogo: kumbe. "Kumbe ndivyo alivyo!" Mwaka 1956 mwanasosholojia wa Marekani Harold Garfinkel alichambua jinsi jamii inavyomshusha mtu hadhi hadharani, na hoja yake, ukiileta kwenye Kiswahili, inakaa yote ndani ya neno hilo. Anayefedheheshwa hachukuliwi tena kuwa mtu mwema aliyeteleza. Anachukuliwa kuwa ndivyo alivyokuwa tangu mwanzo. Misaada aliyotoa inageuka hila, upole wake unageuka unafiki, hata picha yake ya zamani akicheka inatazamwa upya. Kumbe hurudi nyuma ikayaandika upya maisha yote ya mtu.

Hapo ndipo fedheha inapoachana na hatia. Hatia inasema "amefanya." Fedheha inasema "ndivyo alivyo." Ulichofanya unaweza kukilipia kwa faini, kwa kifungo, kwa kurudisha ulichochukua, kwa kuomba radhi. "Ndivyo alivyo" italipwa kwa nini?

Nililiona hili kabla sijajua namna ya kulieleza. Tukiwa darasa la sita, pochi ya mwenzetu ilipotea. Mwalimu akamsimamisha juu ya dawati mvulana aliyekaa nyuma ya mwenye pochi, akamwambia ageuze mifuko ya kaptula nje. Naiona mpaka leo ile mifuko: vitambaa viwili vyeupe vilivyochakaa, vikining'inia huku na huku kama masikio ya mbuzi, havina kitu. Tulimzomea hata hivyo. Nami nilizomea. Kesho yake pochi ilionekana nyuma ya kabati. Mwalimu alimwita yule mvulana koridoni, akamwambia maneno machache, akampigapiga begani. Sisi darasani hatukuambiwa kitu. Mpaka tunamaliza shule aliitwa Mifuko, na wanafunzi waliohamia baadaye walidhani ni jina la babu yake. Alivuliwa mbele ya darasa zima, akavishwa mbele ya mtu mmoja.

Asubuhi ya tarehe 5 Januari 1895

Hakuna tukio linaloonyesha tofauti ya kashfa na fedheha kama lile la Kapteni Alfred Dreyfus, ofisa Myahudi wa jeshi la Ufaransa. Desemba 1894 mahakama ya kijeshi ilimtia hatiani kwa kuiuzia Ujerumani siri. Ushahidi ulikuwa karatasi iliyodaiwa kuwa na mwandiko wake, iliyotolewa kwenye kikapu cha takataka cha ubalozi wa Ujerumani jijini Paris, pamoja na jalada la siri ambalo majaji walipelekewa bila wakili wake kuliona. Chuki dhidi ya Wayahudi ikajaza palipopungua.

Asubuhi ile alitolewa kwenye uwanja wa chuo cha kijeshi, École Militaire. Askari walikuwa wamepangwa pande zote, na nje ya uzio umati ulikuwa ukipiga kelele za kutaka auawe. Ofisa mmoja mrefu alimsogelea akamng'oa alama za cheo, vifungo, mistari ya suruali. Kisha akauchukua upanga wake akauvunja gotini. Kuna jambo moja hapo ambalo haliniondoki akilini: kabla ya siku hiyo nyuzi zilikuwa zimelegezwa na upanga umekerezwa kwa tupa, ili kila kitu kitoke kwa mvuto mmoja. Watu waliona hasira ya taifa ikilipuka. Walichokiona kilikuwa kimeshonwa tayari. Baada ya hapo Dreyfus alizungushwa uwanja mzima na nguo zake zilizonyofolewa, akipaza sauti kwamba asiye na hatia anavunjiwa heshima. Alikuwa na umri wa miaka 35.

Sasa jiulize: siku hiyo kashfa ilikuwa wapi? Haikuwepo bado. Palikuwa na fedheha tupu, iliyokamilika, na aliyebebeshwa hakuwa amefanya kitu. Alipelekwa Kisiwa cha Ibilisi, pwani ya Guyana ya Kifaransa. Mwaka 1896 mkuu mpya wa idara ya ujasusi ya jeshi, Georges Picquart, akagundua kwamba mwandiko wa ile karatasi ulikuwa wa ofisa mwingine, Meja Esterhazy. Wakubwa wake wakamwondoa Paris, akaishia Tunisia. Tarehe 11 Januari 1898 mahakama ya kijeshi ikamwachia huru Esterhazy. Siku mbili baadaye mwandishi Émile Zola akachapisha gazetini barua ya wazi kwa rais wa Ufaransa, ile inayojulikana kwa neno lake la kuanzia kila shutuma: nashutumu. Kashfa ilizaliwa siku hiyo, na ilikuwa ya jeshi.

Jeshi likajibu vipi? Zola alifikishwa mahakamani kwa kosa la kukashifu, na Februari akatiwa hatiani. Zile sentensi zangu mbili za mwanzo zikakutana katika ukumbi mmoja: aliyefunua kashfa alishtakiwa kwa kashfa. Miezi sita baadaye, Agosti 1898, Luteni Kanali Henry wa idara ile ile ya ujasusi alikiri kwamba alighushi hati iliyotumika kummaliza Dreyfus, na akajiua akiwa kizuizini.

"Ni wewe peke yako"

Mtu anaweza kusema hayo ni ya karne nyingine, ya watu wa mapanga na vifungo. Basi tazama Uingereza, kati ya mwaka 1999 na 2015. Wasimamizi wa matawi madogo ya posta, watu wanaojulikana na kuaminiwa na kila mteja, walianza kuona hesabu zikipungua kwenye programu mpya ya kompyuta iitwayo Horizon, iliyotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Pesa hazikuwa zimepotea. Programu ndiyo iliyokosea. Lakini zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa wizi, ulaghai au kughushi hesabu, wengi wao wakishtakiwa na Posta yenyewe. Wako waliofungwa, waliofilisika, waliokufa kabla majina yao hayajasafishwa, na waliojiua.

Wengi wao wamesimulia kwamba walipopiga simu kuomba msaada waliambiwa hakuna mwingine mwenye tatizo hilo, ni wewe peke yako. Nadhani hakuna maneno yanayoieleza fedheha vizuri kuliko hayo. Kashfa hukusanya watu, hujaza viwanja na vichwa vya habari. Fedheha hutenga. Mwenye nayo hafungui pazia, hajibu salamu, hamtafuti mwenzake aliyepatwa na lile lile kijiji cha pili, kwa kuwa hajui kama yupo. Na nje ya mlango, majirani wanajituliza kwa methali: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwa kutahadharisha, methali hiyo ina manufaa yake. Kwa kuhukumu ni hatari tupu, kwa sababu haina mlango wa kutokea: ukikutwa na kosa, lilikuwepo, usipokutwa nalo, linakuja.

Ukweli haukuwa umefichika muda wote huo. Jarida la Computer Weekly liliandika mwaka 2009. Mahakama Kuu ilisema Desemba 2019 kwamba programu ile ilikuwa na kasoro. Aprili 2021 Mahakama ya Rufaa ilifuta hukumu za watu 39. Hata hivyo taifa halikukasirika kwa pamoja mpaka Januari 2024, tamthilia ya televisheni ilipowaonyesha watu hao jikoni kwao, wakilia juu ya makaratasi. Miezi michache tu baadaye, Mei 2024, sheria ilipitishwa kuzifuta hukumu hizo kwa mkupuo. Ushahidi ulikuwepo kwa miaka, ila ile "kumbe" ikachelewa.

Tukio moja, vichwa viwili

Mwaka 1963 John Profumo, Waziri wa Vita wa Uingereza, alisimama bungeni akakana kuwa na uhusiano usiofaa na msichana aitwaye Christine Keeler. Juni mwaka huo akakiri kwamba alilidanganya Bunge, akajiuzulu. Walipokutana mwaka 1961 yeye alikuwa na miaka 46 na mke nyumbani, Keeler miaka 19.

Wanaosimulia kisa hiki hupenda kuishia kwenye funzo la uongo wa pili, na ni kweli kwamba uongo wa pili huua kuliko kosa la kwanza. Rais Richard Nixon wa Marekani hakuangushwa na watu watano waliokamatwa wakiwa wamevunja ofisi za chama pinzani ndani ya jengo la Watergate tarehe 17 Juni 1972. Aliangushwa na kanda zilizorekodi sauti yake mwenyewe akipanga, siku sita baadaye, jinsi ya kuzuia uchunguzi, na tarehe 9 Agosti 1974 akaondoka madarakani. Hilo limeshasemwa sana. Mimi nataka kubaki na wale wawili wa London.

Profumo alijitoa kwenye siasa akaenda kufanya kazi za kujitolea Toynbee Hall, kituo cha kuwahudumia maskini mashariki mwa jiji hilo, na akadumu huko kwa miongo kadhaa. Mwaka 1975 alipewa nishani ya taifa. Alipofariki mwaka 2006 watu wengi walimkumbuka kwa wema huo, na aliustahili. Keeler je? Desemba 1963 alifungwa miezi tisa kwa kusema uongo mahakamani katika kesi nyingine. Akatoka, akaishi mpaka 2017, na kwa zaidi ya miaka hamsini jina lake halikuwahi kutajwa bila ile habari kufuata nyuma. Hakupewa kituo cha kujisafishia. Kashfa ilikuwa ya waziri aliyelidanganya Bunge, lakini sehemu kubwa ya fedheha ilimkalia msichana ambaye hakuwa na wadhifa wowote wa kuusaliti.

Hili si la London peke yake. Ufaransa ilipokombolewa mwaka 1944, wanawake wapatao 20,000 walinyolewa vipara, wengi wao hadharani mbele ya umati, kwa tuhuma za kuwa na uhusiano na Wajerumani. Wako waliokuwa wametoa siri, wako waliokuwa wamependa, wako waliosingiziwa tu. Wanaume waliofanya biashara na jeshi lile lile la wavamizi hawakunyolewa. Jamii inapotaka kujiosha hutafuta mwili wa kuogeshea, na mara nyingi mno huwa ni wa mwanamke. Ukitaka kujua fedheha fulani ina haki kiasi gani, angalia kama walioshiriki tendo moja wamebebeshwa mzigo wenye uzito mmoja.

Upo pia upande wa pili: kashfa kubwa inayompitia mtu bila kumfedhehesha, kwa sababu ya namna alivyoipokea. Ali Hassan Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi wa Tanzania katika miaka ya 1970, pale watuhumiwa walipokufa mikononi mwa vyombo vya dola mkoani Shinyanga. Hakushiriki. Alijiuzulu hata hivyo, kwa kuwa wizara ilikuwa yake. Mwaka 1985 akawa Rais. Kujiuzulu kule hakukuandikwa kama doa, na watu wengi hulitaja tendo hilo kwanza wanapotafuta mfano wa kiongozi mwenye haya. Alijifunua mwenyewe kabla hajafunuliwa, na hapo neno kumbe halikupata pa kushika.

Saa moja ya zamani na miaka yote ya sasa

Zamani, fedheha ilikuwa adhabu rasmi yenye kipimo. Waathene wa karne ya 5 kabla ya Kristo walikuwa na utaratibu wa kumfukuza mtu mjini kwa kura zilizoandikwa kwenye vigae. Aliyefukuzwa alikaa nje miaka 10, mali yake ikabaki yake, kisha akarudi na haki zake zote. Huko kulikuwa kumwondoa mtu bila kumvunja. Uingereza ilikuwa na mti wa mateso uliowekwa sokoni, mtu anabanwa shingo na mikono ili umati umfanye utakavyo. Kwa kawaida ilikuwa saa moja kwa siku. Mwandishi Daniel Defoe alisimamishwa hapo siku tatu mwezi Julai 1703 kwa kijitabu cha kuwakejeli wakubwa wa kanisa, na inasimuliwa kwamba badala ya mawe na uchafu watu walimrushia maua. Serikali ilitoa mti, fedheha ikakosekana, maana fedheha hutolewa na umati, na umati ulikuwa umekataa. Adhabu hiyo ilifutwa kabisa mwaka 1837.

Leo mti uko kwenye simu. Hauna jaji, hauna saa, na anayerusha jiwe hayaoni macho ya anayepigwa. Tofauti kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba hakuna wa kumfungua. Saa moja ya sokoni ilikuwa ya kikatili, lakini ilikwisha, na mtu aliweza kuhamia mji ambao hakuna aliyemwona. Sasa ukiandika jina la mtu kwenye mtambo wa kutafutia habari, mwaka 2010 na jana vinasimama bega kwa bega. Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua Mei 2014 kwamba mtu anaweza kudai viungo vya habari zilizopitwa na wakati viondolewe kwenye matokeo ya jina lake. Uamuzi huo ulipingwa sana, na kwa hoja nzito: mafisadi nao wangependa kusahauliwa. Ninaona hofu hiyo ni ya kweli. Lakini aliyeiba fedha za umma na kijana aliyeandika upuuzi akiwa na miaka 17 hawakustahili kupewa kumbukumbu ya urefu mmoja.

Najua swali linalofuata: je, basi tuache kufunua? Hapana. Bila waliofunua, Dreyfus angekufa kisiwani na wale wa posta wangekufa wezi. Ninachodai ni kwamba kila kashfa inapozuka tuulize maswali matatu kabla ya kuzomea. Kilichofunuliwa ni tendo, au ni maisha ya faragha ya mtu yasiyotuhusu? Anayebeba mzigo ndiye aliyetenda? Na ikija kuonekana tumekosea, tutamvisha mbele ya watu wangapi?

Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu habari ya kusafishwa haina kumbe ya kuisukuma. Dreyfus alirudishwa kutoka kisiwani mwaka 1899, akahukumiwa tena, akapewa msamaha wa rais, yaani alisamehewa kosa ambalo hakulitenda. Mahakama ya juu ilimsafisha kabisa tarehe 12 Julai 1906, na mwezi huo huo akavishwa nishani ya heshima katika chuo kile kile walichomvulia vifungo. Ungedhani hapo yameisha. Juni 1908, alipohudhuria sherehe ya kuhamishia mabaki ya Zola kwenye Panthéon, jengo la Paris wanamozikwa mashujaa wa Ufaransa, mwandishi mmoja wa habari alimpiga risasi mkononi, na mahakama ikamwachia huru mpigaji. Dreyfus alifariki mwaka 1935. Jeshi la Ufaransa lilikiri hadharani mwaka 1995 kwamba hakuwa na hatia. Kumvua kulichukua asubuhi moja. Tarehe 2 Juni 2025, karibu miaka 90 baada ya kifo chake, wabunge wa Ufaransa walikuwa bado wanampigia kura apandishwe hadi brigedia jenerali.